Jina ESPOSITO lina maana gani? Binti yetu ameambiwa ni jina la mtoto wa kutupwa

KaraniWaGhala

Kuchele wakuu.

Mimi ni karani wa chama cha msingi huku Mtwara vijijini. Msimu wa korosho ukifunguliwa kazi yangu ni mizani, daftari na kalamu: jina la mkulima, kilo, daraja, saini. Majina yamepita mikononi mwangu mpaka nayaota. Mohamedi peke yake ninaye wa namna sita, na kila mmoja ukikosea herufi moja pesa zake zinagoma kuingia benki. Kwa hiyo nyumbani wananiona mimi ndiye mtu wa majina. Hili la leo limenishinda.

Mdogo wangu wa mwisho, baba mmoja mama mmoja, anaitwa Esposito. Mmesoma vizuri. Mmakonde wa Msimbati, Mwislamu, mvuvi, ana mikorosho arobaini na kitu, na kitambulisho chake cha Taifa kimeandikwa Esposito.

Ilikuwa hivi. Mwaka 1982 Waitaliano wa AGIP, kampuni ya mafuta ya kwao, walikuja kwetu kuchimba kisima wakitafuta mafuta, wakakuta gesi, hii hii ya Mnazi Bay. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nakumbuka mnara wa chuma uliokuwa unawaka taa usiku kucha, na sisi watoto ambao nyumbani tulikuwa na koroboi tukikaa mchangani kuutazama mpaka tunafuatwa na fimbo. Baba alipata kibarua cha kulinda stoo yao. Kulikuwa na fundi wao mmoja wa mitambo, mfupi, upara unang'aa, alikuwa akipita anagawa biskuti ngumu kama vigae. Baba alimwita Bwana Sipozito.

Usiku uchungu ulipomshika mama, mkunga alihangaika naye tangu alasiri. Kufika saa saba usiku akatoka nje akamwambia baba, huyu si wa kuzalia hapa. Gari kijijini hakuna. Baba akaenda kambini kumwamsha yule Mwitaliano. Alitoka na kaptula na viatu vya kazi, kifua wazi, akawasha Land Rover, akapakia godoro, mama, mkunga na shangazi yetu. Njia ya Msimbati wakati ule ilikuwa mchanga mtupu, na wanasema walishuka kusukuma mara tatu. Hospitali ya Ligula, Mtwara mjini, wakafika alfajiri, na jua halijawa kali mtoto amezaliwa.

Baba akarudi anasema jina limeshapatikana. Babu akakataa: jina gani hili, si la Kiislamu, si la Kimakonde. Wakakubaliana kwenye akika aitwe Ismaili, huku duniani aitwe Sipozito. Alipokwenda jando akapewa na la tatu, hilo siliandiki hapa.

Herufi sahihi tulizipata kwa sababu yule bwana aliliandika jina lake kwa herufi kubwa nyuma ya pakiti ya sigara. Baba aliitunza kwenye kopo la majani ya chai na ndiyo aliyokwenda nayo kumwandikisha shule. Huko shule sasa ndiko yalikoanzia mengine. Wenzake walimkatia jina, wakamwita Sipo. Mwalimu anaita mahudhurio: "Sipo!" Naye anajibu: "Nipo!" Darasa zima chini. Mpaka leo Msimbati ukiuliza "Sipo yupo?" utajibiwa "Sipo hayupo, kaenda baharini", na hakuna anayecheka tena.

Kisima kilifungwa, wale watu wakaondoka, Sipozito mkubwa hatukumwona tena.

Sasa shida. Binti wa pili wa mdogo wangu yuko kidato cha tatu, jina lake la mwisho shuleni ni hilo. Kuna mwenzake alilitafuta kwenye simu, akarudi na jibu kwamba kwa Kiitaliano ni mtoto wa kutupwa. Wakaanza kumwita Jalala. Amekuja kwangu kwa miguu kutoka bwenini, macho yamevimba, "baba mkubwa nibadilishie jina kabla hatujasajiliwa mtihani wa kidato cha nne".

Naomba kujua: ni kweli? Kwao ni jina la aibu? Wapo wengi au tulibahatisha la ajabu? Mama yetu yu hai, ana miaka themanini kasoro, na sipendi akalisikie hili kwa watoto wa barabarani.

Nawasilisha.

pweza_mkavu

Mkuu unalalamika nini. Inter wana mshambuliaji Pio Esposito, kijana mdogo, mrefu, anapiga kichwa kama nyundo. Kaka zake wawili nao wachezaji, Salvatore na Sebastiano. Binti aseme tu Pio ni baba yake mdogo, hapo Jalala litakufa lenyewe. Mimi kibanda umiza cha Chikongola nitamtetea.

KaraniWaGhala

Nimecheka njomba, ila sijajibiwa.

mzee_wa_gati

Samahani ndugu mleta mada, mimi ni mtu mzima nauliza kiutu uzima. Mzungu, usiku, gari, jina. Uhakika upo?

KaraniWaGhala

Mzee wa gati, nilijua utakuja. Wale watu walifika mama akiwa na tumbo linaonekana, na mdogo wangu ukimwona ni baba yetu aliyerudi, hadi ule mwendo wa kuburuta kandambili. Tuendelee.

DadaWaNanyamba

Kuchele kaka. Mimi ni wa Nanyamba, niko Napoli mwaka wa nane huu, kazi yangu ni kutunza wazee. Umekuja pahala penyewe, kwa sababu bibi ninayemtunza alizaliwa Esposito. Huku mwanamke akiolewa habadili jina lake kwenye karatasi, kwa hiyo mlangoni kwetu kuna la mumewe marehemu na lake.

Nianze na la wingi. Hili ni jina la nne kwa wingi Italia nzima. Yanayolitangulia ni Rossi, Russo na Ferrari. Rossi na Russo yote ni wekundu, wa nywele au wa uso. Ferrari unayoisikia kwenye magari ni mhunzi tu, fua chuma. La nne Esposito. Na hapa Napoli ndilo la kwanza. Jengo tunaloishi lina kengele ishirini na kitu pale chini, na tano zimeandikwa Esposito, wala hawana undugu. Mtu wa posta akija mgeni anabonyeza zote. Kwa hiyo binti yenu hana jina la ajabu. Ana Juma wa Napoli.

Sasa la maana. Siwezi kukudanganya, yule mwanafunzi hakukosea sana, ila amechukua neno akaliacha jambo. Linatoka kwenye Kilatini, *expositus*, aliyewekwa nje. Aliyewekwa, si aliyetupwa. Tofauti nitakuonyesha.

Mtaa wa Forcella, dakika kumi na tano kwa mguu kutoka hapa nilipo, kuna kanisa la Annunziata, na pembeni yake ilikuwa nyumba ya kulelea watoto, kongwe ya mamia ya miaka. Ukutani kuna tundu. Ndani ya tundu kuna kitu kama pipa la mbao lililosimama, limekatwa upande mmoja, linazunguka. Wanaliita gurudumu. Mama alikuwa anakuja usiku, anamweka mtoto ndani ya pipa kwa upande wa barabarani, analizungusha, mtoto anatokea upande wa ndani. Ndani kuna mtu anakesha. Yule wa nje haonekani uso, wa ndani haulizi. Mimi nilipelekwa kuliona na bibi mwenyewe, akiwa bado anatembea. Tundu ni dogo, kaka. Nilipima kwa mkono, hata gunia la korosho lililojaa nusu halipiti. Watu wa hapa husimulia kuwa wengine walikuwa wanawapaka mafuta watoto wakubwa kidogo ili wapenye, kwa sababu ndani kulikuwa na chakula na nje hakuna.

Mtoto akipokelewa anaandikwa daftarini: siku, saa, nguo aliyovaa, alama yoyote aliyokuja nayo. Wengine walikuja na nusu ya medali au kipande cha utepe, nusu nyingine amebaki nayo mama, ili siku mambo yakikaa sawa aje alinganishe amchukue wake. Wengi hawakuwa watoto wa aibu. Walikuwa watoto wa ndoa, wa watu wenye njaa. Halafu anavishwa shingoni kipande cha madini ya risasi chenye alama ya nyumba, anapewa mnyonyeshaji. Na jina la ukoo, kwa kuwa hana, karani anaandika Esposito.

Wengi walikufa wachanga, hilo nalo niliseme, maziwa hayakutosha na chumba kimoja kilijaa. Lakini waliopona mtaani hawakuitwa takataka. Waliitwa *figli della Madonna*, watoto wa Bikira Maria. Wasichana walipewa mahari na nyumba ile walipoolewa. Bibi yangu hapa analitaja neno hilo kwa kujidai, kama mtu wa kwetu anavyotaja ukoo wa jumbe.

Gurudumu lilifungwa mwaka 1875, ingawa watoto waliendelea kupokelewa kwa mlango wa kawaida. Na jina lenyewe lilikoma kugawiwa mapema zaidi. Alipotawala Joachim Murat, yule Mfaransa shemeji yake Napoleon aliyekuwa mfalme wa Napoli 1808 hadi 1815, alikataza kuwaita Esposito watoto waliookotwa, kwa sababu ilikuwa ni kumpiga mtu muhuri wa maisha. Baada ya hapo makarani wakawa wanabuni kila mtoto jina lake. Kwa hiyo Esposito unaokutana nao leo, aliyewekwa kwenye tundu ni babu wa mababu, miaka mia mbili nyuma na zaidi. Waliofuata wote wamezaliwa nyumbani kwao kama wewe na mimi.

Chakula cha bibi kinaungua, nitarudi.

KaraniWaGhala

Dada, umeniacha nimeshika kalamu. Hapo kwenye karani anayeandika nimesimama. Maana hata mimi nimeshawahi kumwandika mtu jina. Alikuja mzee mmoja, nauliza jina la tatu, hana. Namuuliza la babu, anasema babu alikuwa anaitwa Babu. Foleni nyuma yake imefika kwenye mwembe. Nikamwandika jina la kijiji chake. Ameshalipwa misimu minne kwa jina hilo na wanawe wameanza kulitumia shuleni. Sikuwahi kufikiri kuwa nimefanya jambo.

Ila swali: mbona Napoli tu? Sehemu nyingine za Italia hawakuwa na watoto wa namna hiyo?

BintiLindi_88

Naingilia. Bibi yangu mzaa mama wa Kilwa alikuwa anaitwa Mtumwa. Hakuwa mtumwa wa mtu. Mama yake alizika watoto watatu mfululizo, wa nne alipokuja wakampa jina baya ili kifo kimwone hana thamani kipite. Na amekufa na miaka tisini. Kwetu majina kama hayo tumejaa: Tabu, Shida, Mashaka, Majuto. Hao wanaomwita binti Jalala wakaulize majina ya bibi zao kwanza.

DadaWaNanyamba

Nimerudi. BintiLindi umenikumbusha, na mimi nina shangazi anaitwa Mtumwa. Ila tusichanganye. Kwetu jina baya anapewa mtoto anayependwa, na anayempa ni mzazi. Huku lilitolewa na mtu wa ofisini kwa mtoto asiyemjua, na wa saa moja baadaye akapewa hilohilo. Ndiyo maana limejaa.

Kaka, kuhusu sehemu nyingine: walikuwepo, kila mji na neno lake. Milano hospitali iliyokuwa ikipokea watoto ilikuwa na alama ya njiwa, na njiwa kwao ni *colomba*, basi watoto wakaitwa Colombo. Mpaka leo Milano Colombo ni wengi mno. (Yule Kristofa aliyevuka bahari ni wa Genova na wa zamani zaidi, msimtie humu.) Firenze kuna nyumba iliyojengwa na Brunelleschi, mchora ramani za majengo maarufu wa kwao, ilianza kupokea watoto 1445, inaitwa ya Innocenti, wasio na hatia, na watoto wakachukua Innocenti. Roma ndiko walikokuwa na ulimi mkali, wakawaita Proietti, waliorushwa. Sasa huyo ndiye wa kutupwa hasa, si nyie. Bologna wana Degli Esposti. Kuna na Diotallevi, ambalo ni "Mungu akulee", hilo mimi nalipenda kuliko yote. Wahispania nao wana lao, Expósito, mzizi uleule.

Walipoanza kuhama kwa meli kwenda Marekani na Argentina wakaondoka nalo. Yule mwigizaji wa Marekani, Giancarlo Esposito, baba yake Mwitaliano wa hapa Napoli, mama yake Mmarekani mweusi mwimbaji wa opera kutoka Alabama, mwenyewe kazaliwa Copenhagen. Mweusi kama sisi na anaitwa Esposito, na dunia nzima inamjua. Mwonyesheni binti picha yake.

Na jambo moja litakufurahisha. Huku hawasemi EspoZIto. Mkazo uko kwenye PO: EsPOzito. Nyie mmeusukuma mbele Kiswahili-Kiswahili. Lakini lile "Sipozito" la marehemu baba msilicheke. Kusini ya Italia kuna ukoo mzima wanaandika Sposito, E imeanguka njiani. Baba yenu alisikia sawasawa.

pweza_mkavu

Dada wa Nanyamba, hiyo ya mafuta kwenye tundu imenikosesha usingizi. Nina mtoto wa miezi minne hapa.

WakiliWaMitaani

Kwa upande wa kubadili: inawezekana kisheria, kuna hati ya kubadili jina ambayo inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, lakini si jambo la mwanafunzi kuamua peke yake, mzazi atatakiwa. Na ikishafanyika kila karatasi inafuata: cheti cha kuzaliwa, shule, kitambulisho. Ukiacha moja, hiyo moja itakusumbua mpaka uzeeni. Wewe karani unajua zaidi yangu.

KaraniWaGhala

Najua, Wakili. Naijua hiyo mpaka kwenye mifupa.

Na nimekaa nikawaza jambo. Kwetu hili halina maisha marefu hata tusipoligusa. Kwenye daftari langu majina ni matatu: lako, la baba, la babu. Binti analo kwa sababu baba yake ndiye Esposito. Watoto wa kaka yake litakuwa la tatu, mkiani. Wajukuu hawatakuwa nalo kabisa, litakuwa limetoka lenyewe kama rangi ya kanga. Wale wa Napoli waliandikiwa siku moja na likawang'ang'ania miaka mia tatu, baba kwa mwana, kwa kuwa huko jina la ukoo haliondoki. Karani wa kwao alikuwa na kalamu nzito kuliko yangu.

Jumapili nakwenda Msimbati. Nitaleta mrejesho.

mzee_wa_gati

Uende salama. Niletee na pweza.

KaraniWaGhala

Wakuu, mrejesho.

Nilimpitia binti shuleni nikamwombea ruhusa, tukapanda bodaboda watu watatu (msinisemee), tukapita Madimba pale kwenye mitambo ya gesi, bomba linalokwenda mpaka Dar es Salaam. Nikamwonyesha, nikamwambia asili ya haya yote ni wale waliompakia bibi yako kwenye Land Rover. Hakujibu. Alikuwa bado amenuna.

Mdogo wangu tulimkuta uani anashona nyavu. Mama yuko barazani kwenye mkeka anamenya ming'oko, tukamwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa, nikadhani hasikii mazungumzo. Siku hizi masikio yake huchagua.

Nikamweleza Sipo yote, kama Dada alivyoandika. Tundu, pipa, karani, kipande cha risasi shingoni. Nilianza kwa kuzungukazunguka, nikiogopa ataumia. Alishona mpaka nikamaliza. Akauliza swali moja tu:

"Kwa hiyo yule mzungu, babu yake alipitishwa kwenye hilo tundu?"

Nikamwambia pengine babu wa babu yake.

Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Ndiyo maana aliamka."

Mimi nikanyamaza, hata binti akainua uso. Nilihisi kitu kimepita pale uani. Kabla hakijafika mbali mama akasema kule barazani, bado anamenya:

"Aliamka kwa sababu baba yenu aligonga bati kwa panga. Kambi nzima iliamka. Yule alikuwa ndiye mwenye ufunguo wa gari."

Tulicheka mpaka kuku wakakimbia. Sipo alicheka akajichoma na sindano ya nyavu. Baadaye mama akatusimulia ambayo sikuwahi kuyasikia miaka yote hii. Kwamba njiani gari lilipozama mchangani mara ya tatu, yule bwana alikaa chini akashika kichwa, akaanza kulia kwa lugha yake, na shangazi yetu ndiye aliyemnyanyua kwa kola ambayo hana, yaani kwa shingo, akamwambia sukuma. Na kwamba Ligula hakuingia ndani, alilala kwenye bonneti mpaka akaletewa habari. Alipoambiwa mtoto atapewa jina lake alikataa. Alitikisa mikono hivi na hivi, akisema hapana, hapana, si zuri. Mama alidhani anaona haya kwa kuwa hakuvaa shati.

Hapo nikamtazama Sipo na Sipo akanitazama.

Baba akang'ang'ania, akampa pakiti ya sigara na kalamu, andika. Akaandika. Ile pakiti mama anayo mpaka leo, akamtuma binti ndani kwenye kopo. Imekuwa ya kahawia na kona moja imeliwa na mende, lakini herufi zote zipo, ESPOSITO, na kwenye O ya mwisho kalamu imezunguka mara mbili.

Binti aliishika muda mrefu. Njiani kurudi nikamuuliza, vipi, tubadilishe? Akasema ngoja kwanza. Halafu tulipokaribia Mtwara mjini akaniuliza kama yule dada wa Napoli anaweza kupiga picha zile kengele za mlangoni, zenye majina, ili aziweke kwenye simu ya mwenzake wa bwenini mwenye simu. Simu ni marufuku shuleni, na mimi sijasikia kitu.

Dada, unaweza?

DadaWaNanyamba

Nimeshuka sasa hivi na kandambili, bibi ananiita dirishani anadhani nimetoroka. Picha hizo hapo juu, mbili, ya pili ndiyo inayosomeka. Nilikudanganya kidogo, kaka: si tano, ni sita. Ghorofa ya pili kumehamia mwingine wiki iliyopita na bado ameandika kwa karatasi.